Elimu ya Uraia: Serikali ya Mseto ya 1962 na Mizizi ya Ugatuzi Wetu

Uchaguzi mkuu unapokaribia, vyama huanza kutafutana. Viongozi hupigwa picha wakishikana mikono, mkataba hutiwa sahihi mbele ya kamera, na kabla jua halijatua watu sokoni wameshaanza hesabu: sisi tumepata nini? Mara nyingi hesabu hiyo huwa ya viti. Nani atakuwa waziri, nani katibu, nani ataongoza kamati ipi. Ni swali halali na hakuna aibu kuliuliza. Shida ni kwamba halitoshi. Nchi yetu iliwahi kulijibu swali hilo vizuri kabisa huku ikiacha swali kubwa zaidi likining'inia, na gharama yake tuliilipa kwa karibu miaka hamsini.

Somo la toleo hili linaturudisha kwenye miaka ya 1961 hadi 1964, Kenya ilipokuwa ikivuka kutoka ukoloni kwenda uhuru. Vijana wengi hudhani serikali ya mseto ililetwa na ile "nusu mkate" ya 2008. Sivyo. Kenya ilikuwa na serikali ya mseto hata kabla ya kuwa na bendera yake. Na jambo lililowatenganisha waliokaa katika serikali hiyo ndilo linaloamua hadi leo kama daraja au zahanati katika wadi ya Kiogoro itapangwa hapa Kisii au itasubiri ofisi ya Nairobi.

Kwanza neno lenyewe. Mseto ni chakula cha mchanganyiko. Pwani ni mchele na choroko, na kwetu wengi tumekua kwa mahindi na maharagwe yaliyopikwa chungu kimoja. Kila mpishi anajua kwamba vitu hivyo haviivi pamoja, kwa hiyo kile kigumu hutangulizwa jikoni. Katika siasa, serikali ya mseto ni serikali inayoundwa na vyama viwili au zaidi. Huundwa kwa sababu hakuna chama chenye wingi bungeni, au chenye wingi hakitaki kutawala, au kuna nguvu ya nje inayowasukuma wapinzani waketi pamoja. Kati ya Aprili 1961 na Aprili 1962 Kenya iliziona sababu hizi mbili za mwisho, moja baada ya nyingine.

Mshindi aliyekataa kutawala

Mkutano wa kwanza wa Lancaster House jijini London, mwanzoni mwa 1960, ulifungua njia ya Waafrika kuwa wengi katika Baraza la Kutunga Sheria. Miezi michache baadaye vyama viwili vikubwa vilizaliwa. KANU iliundwa Kiambu mwezi wa Mei. James Gichuru aliongoza kwa sababu Jomo Kenyatta alikuwa bado kizuizini, Oginga Odinga akawa makamu na Tom Mboya katibu mkuu. Mwezi wa Juni, huko Ngong, viongozi wengine wakaunda KADU: Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro, Daniel arap Moi na wenzao.

Kilichowakusanya KADU kilikuwa hofu, na tusiidharau hofu hiyo. Waliona kwamba KANU imesimama juu ya jamii zenye watu wengi. Wakajiuliza: Mzungu akiondoka na nguvu zote zikabaki Nairobi, ardhi ya Bonde la Ufa na ya Pwani itagawanywa na nani? Swali la ardhi ndilo lililokuwa chini ya kila hotuba ya wakati ule, hata pale neno ardhi halikutajwa.

Uchaguzi ulifanyika Februari 1961. KANU ilipata takriban asilimia 67 ya kura na viti 19. KADU ilipata takriban asilimia 16 na viti 11. Viti vingine vilikuwa vimetengewa Wazungu, Waasia na Waarabu. Kwa hesabu ya kawaida mshindi alijulikana. Lakini KANU ikasema haitaunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe, na Gavana Patrick Renison akakataa kumwachilia mara moja. (Gavana wa siku hizo, tukumbushane, hakupigiwa kura na mtu yeyote hapa. Aliteuliwa London.)

Kwa majuma kadhaa pakawa na mshindi lakini hakuna serikali. Hatimaye Ngala alikubali kuunda serikali pamoja na chama cha Michael Blundell, New Kenya Party, kilichokuwa cha Wazungu wa msimamo wa kati, na baadhi ya wajumbe Waasia. Hata hivyo hawakutosha. Gavana akateua wajumbe wa ziada ili serikali ipate wingi. Hivyo chama kilichopata kura moja kati ya sita hivi kikaongoza shughuli za serikali.

Ilikuwa halali kwa sheria za wakati ule, na si kweli kwamba serikali hiyo haikufanya lolote. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, Ngala akiwa mkuu wa shughuli za serikali. Lakini kila mtu alijua wingi wake umetoka mfukoni mwa gavana. KADU iliutumia muda huo kuchora mpango wake wa majimbo, yaani nchi yenye mikoa inayojitawala katika mambo yake mengi, na wapo walowezi waliouunga mkono kwa sababu zao wenyewe. Jambo hilo liliutia mpango ule doa ambalo halikufutika. Wazo lililokuwa na hoja nzuri ndani yake likaonekana kama hila ya mkoloni. KANU haikuchoka kulikumbusha hilo majukwaani, nasi tukalirithi neno "majimbo" likiwa limeshachafuka.

Kenyatta alichukua uongozi wa KANU mwishoni mwa 1961. Mwezi Januari 1962 aliingia barazani bila kupingwa, baada ya Kariuki Njiiri kumwachia kiti chake.

Wapishi wawili, jiko moja

Mkutano wa pili wa Lancaster House ulianza tarehe 14 Februari 1962 na kumalizika tarehe 6 Aprili. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu, inayoweza kupanga maendeleo ya nchi nzima kwa mkono mmoja. KADU ilitaka mikoa yenye mabaraza yake, yenye kauli juu ya ardhi na polisi, na Seneti ya kuilinda mikoa hiyo. Majuma yalipita wakibishana. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Reginald Maudling, aliona kwamba akisubiri wakubaliane kwa kila kipengele, hatatoka pale.

Njia iliyopatikana ilikuwa hii: wakubaliane juu ya mifupa ya katiba, kisha vyama vyote viwili viingie katika serikali moja ya mseto, wakaijazie nyama nyumbani. Mifupa ilikuwa bunge la nyumba mbili na mikoa yenye mabaraza. Viti vya uwaziri viligawanywa kwa usawa kati ya KANU na KADU. Serikali hiyo iliingia kazini mwezi huo huo wa Aprili.

Hebu tuangalie waliokaa wapi. Gichuru alipewa Fedha, na Mboya akapewa Kazi. Moi, kwa upande wa KADU, alipewa Serikali za Mitaa. Elimu ilikwenda kwa mtu wa hapa kwetu Gusii, Lawrence Sagini wa KANU, na wazee wengi bado wanalitaja jina hilo kwa fahari. Odinga aliachwa nje, maana Waingereza hawakumtaka kwa sababu ya uhusiano wake na nchi za Kikomunisti. Yaani hata orodha ya mawaziri wa serikali inayojiandaa kwa uhuru ilipitia mikono ya mtu wa tatu.

Uteuzi wa kushangaza zaidi ulikuwa wa kazi ya katiba yenyewe. Kenyatta alifanywa waziri wa mambo ya katiba pamoja na mipango ya uchumi. Ngala naye alifanywa waziri wa mambo ya katiba pamoja na utawala. Wizara moja, wakubwa wawili, na kila mmoja alikuwa na chumvi yake mkononi.

Kwa nini walikubali? KADU iliona ni afadhali kuwa ndani ya chumba katiba inapoandikwa. Ndani ya KANU kulikuwa na hoja nyingine: tukubali katiba hii, tupate uhuru, tutaibadilisha tukishashika madaraka. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Vyama viwili vilitia sahihi karatasi moja huku kila kimoja kikisoma maneno tofauti. Viti viligawanywa kwa haki ambayo mtu yeyote angeweza kuihesabu kwa vidole. Swali kwamba nchi itaongozwa kutoka kituo kimoja au vingi halikuamuliwa. Liliahirishwa tu.

Ramani iliyotuweka tulipo

Katika miezi ya mseto ule, kazi moja ilifanyika ambayo alama yake bado tunaiona: Tume ya Mipaka ya Mikoa. Tume hiyo ilizunguka nchini mwaka 1962 ikipokea maoni ya jamii mbalimbali kuhusu nani angependa kukaa na nani, na ripoti yake ikatoka mwishoni mwa mwaka huo. Mkoa wa Nyanza wa zamani ulikuwa mkubwa, kwani ulijumuisha nchi ya Waluhya upande wa kaskazini na Kericho upande wa mashariki. Baada ya tume, Waluhya walipata mkoa wao wa Magharibi na Kericho ikaenda Bonde la Ufa. Sisi Abagusii tulibaki Nyanza pamoja na Waluo na Wakuria, makao makuu yakiwa Kisumu.

Kwa karibu miaka hamsini mkazi wa Kiogoro aliyekuwa na jambo lililozidi uwezo wa wilaya alielekezwa Kisumu. Kilichobaki cha ramani ile kilikuwa mistari yake tu, si mamlaka iliyokusudiwa kukaa ndani ya mistari hiyo. Mikoa iliyochorwa ili wananchi wajiamulie mambo yao iligeuka kuwa ngazi ya kuteremshia amri kutoka juu, kupitia mkuu wa mkoa ambaye hakuna aliyemchagua.

Jinsi ilivyofumuliwa

Uchaguzi wa Mei 1963 ulimaliza mseto. KANU ilishinda kwa wingi mkubwa, na Nyaribari, ambayo ilikuwa bado eneo moja kabla ya kugawanywa kuwa Chache na Masaba, ilimpeleka bungeni James Nyamweya. Tarehe 1 Juni Kenyatta akawa Waziri Mkuu. KADU ilihamia upande wa upinzani ikiwa na silaha moja tu, nayo ni maandishi ya katiba.

Maandishi hayo yalionekana kuwa imara. Ili kugusa vipengele vilivyoilinda mikoa, ilihitajika asilimia 75 ya wabunge katika nyumba ya wawakilishi na asilimia 90 katika Seneti. Ni vigumu kufikiria kufuli kubwa kuliko hilo. Lakini katika mkutano wa tatu wa London, Septemba na Oktoba 1963, KANU iliishawishi Uingereza ilegeze masharti, pakaongezwa njia ya kupitia kura ya maoni. KADU ilikasirika kiasi cha baadhi ya viongozi wake kutishia kujitenga. Vitisho havikufika mbali, na uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963.

Kilichofuata hakikuwa vita wala mapinduzi. Kilikuwa ni kucheleweshwa. Mikoa ilikuwa na mabaraza na marais wa mabaraza, lakini huduma na fedha zilizopaswa kuhamishiwa huko hazikuhamishwa kama ilivyoandikwa. Baraza lisilo na fedha ni ukumbi wa hotuba. Wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja, wakisema maeneo yao yanahitaji maendeleo na maendeleo yako upande wa serikali. Sheria ya wakati ule haikumtaka mbunge anayehama arudi kwa wapiga kura. Sharti hilo lililetwa mwaka 1966, na hapo lilikuwa la kumbana Odinga na wenzake walipoihama KANU.

Tarehe 10 Novemba 1964, Ngala alitangaza bungeni kwamba KADU inavunjwa na kujiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri yenye rais mwenye mamlaka makubwa, na mikoa ikapoteza nguvu zake za kutoza kodi. Seneti ilifutwa 1966. Mabaki ya mabaraza ya mikoa yalifutwa kabisa 1968.

Tuwe waadilifu kwa pande zote. KANU haikuwa na hoja ya kipuuzi. Nchi ilikuwa na fedha kidogo na maofisa wachache waliofunzwa, na kuendesha serikali ya kati pamoja na saba za mikoa kulikuwa mzigo wa kweli. KADU nayo haikuwa imejaa malaika. Majimbo kwa baadhi ya watetezi wake yalimaanisha "huku kwetu wengine waondoke", na maneno ya aina hiyo yalimwaga damu katika miaka ya tisini. Hoja ya somo hili ni nyingine. Walikuwa na zaidi ya mwaka mmoja wa kukaa meza moja kama mawaziri, na katika muda huo wote kila upande ulijenga ukingojea kubomoa au ukingojea kubomolewa.

Majirani zetu nao

Kenya haikuwa peke yake. Uganda iliingia uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 ikiwa na serikali ya mseto kati ya UPC ya Milton Obote na Kabaka Yekka, chama cha watetezi wa ufalme wa Buganda. Walichoshirikiana kilikuwa kimoja, nacho ni kuiondoa DP ya Benedicto Kiwanuka. Kabaka Yekka ilileta wabunge 21 waliochaguliwa na Lukiiko, baraza la Buganda, nayo UPC ikapata wingi iliouhitaji. Mwaka 1963 Kabaka Mutesa wa Pili akawa rais wa nchi.

Swali lililoahirishwa huko lilikuwa la kaunti zilizopotea, ardhi ambayo Bunyoro ilisema ilinyang'anywa na kupewa Buganda na Waingereza. Katiba ilisema kura ya maoni itapigwa baadaye. Baadaye ikafika. Kufikia katikati ya 1964 wabunge wengi wa DP na hata wa Kabaka Yekka walikuwa wamehamia UPC, na Obote hakumhitaji tena mshirika wake. Mseto ulivunjika Agosti. Novemba kura ilipigwa, na wakazi wa Buyaga na Bugangaizi wakachagua kurudi Bunyoro. Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka, naye akakimbilia Uingereza.

Zanzibar ilitoa funzo kali zaidi. Katika uchaguzi wa Januari 1961, ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Chama kidogo chenye viti vitatu ndicho kilichoshika ufunguo, nacho kikagawanyika: mmoja akaenda ASP na wawili ZNP. Matokeo yakawa 11 kwa 11. Kikaongezwa kiti kimoja na uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni, ukafuatwa na ghasia zilizoua watu 68. Safari hii ASP na ZNP walipata viti 10 kila mmoja, ZPPP ikapata 3 na kuungana na ZNP. Kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote, Mohammed Shamte, akawa Waziri Kiongozi. Hiyo ndiyo bei ambayo ufunguo huweza kudai.

Julai 1963 wakapiga kura tena. ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6, wakaunda serikali kwa viti 18. Kwa hesabu ya viti hakuna aliyevunja sheria. Kwa hesabu ya watu, zaidi ya nusu ya wapiga kura walibaki nje ya serikali, na mseto uliotawala haukuona sababu ya kuwafungulia mlango. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Serikali hiyo ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964, ikiwa na umri wa siku 33.

Kutoka maneno hadi maandishi

Kwetu Kenya, somo lilichukua muda mrefu kuingia. Oktoba 2002 vyama vilivyounda NARC vilitia sahihi hati ya maelewano kuhusu kugawana madaraka na katiba mpya. Baada ya ushindi, upande mmoja ulisema hati ilivunjwa na upande mwingine ukasema haikuwa sheria. Mwananchi wa kawaida hakuwa na mahali pa kwenda kuisoma akaamua mwenyewe. Kufikia kura ya maoni ya Novemba 2005 washirika hao walikuwa wakifanya kampeni wakipingana.

Mwaka 2008 mambo yalifanywa kwa namna nyingine, ingawa ilikuwa baada ya maafa. Mkataba wa tarehe 28 Februari kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, uliosimamiwa na Kofi Annan, ulipelekwa bungeni, ukawa sheria, na katiba ikarekebishwa ili kuubeba. Serikali ile iligombana karibu kila juma, lakini ilimaliza muhula wake. Tena, jambo gumu lililokwepwa 1962, yaani mgawanyo wa mamlaka na fedha, ndilo lililoshughulikiwa katika Katiba ya 2010. Kaunti 47 zikazaliwa. Kisii na Nyamira zikapata kila moja gavana, bunge na bajeti yake.

Tofauti kati ya kaunti za leo na mikoa ya 1963 inafaa ieleweke, kwa sababu si ya majina tu. Ibara ya 203 inasema kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa. Ibara ya 255 inasema muundo wa ugatuzi hauwezi kubadilishwa bila kura ya maoni ya wananchi. Kufuli la 1963 lilishikwa na wabunge, na wabunge huhama. Hili la sasa limeshikwa na mpiga kura.

Hata hivyo, asilimia 15 ni kiwango cha chini, si ahadi ya kinachotosha. Kiasi kamili hujadiliwa kila mwaka katika Bunge la Taifa na Seneti, na huko wingi huundwa na miungano ya vyama. Mkoa wa 1964 haukufutwa kwanza. Ulinyimwa fedha kwanza. Mwenye kutaka kuidhoofisha kaunti bila kugusa katiba anaijua njia hiyo, na mkataba wa muungano usiosema lolote juu ya fedha za kaunti unaiacha njia hiyo wazi.

Unachoweza kudai kuona

Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inataka mkataba wa muungano uwe wa maandishi na uwasilishwe kwa Msajili wa Vyama. Ukifanywa baada ya uchaguzi, uwasilishwe ndani ya siku 21 tangu kutiwa sahihi. Sheria inataja pia mambo yanayopaswa kuwemo. Miongoni mwake ni sera na malengo ya muungano, jinsi nyadhifa zitakavyogawanywa, jinsi maamuzi yatakavyofanywa, jinsi migogoro itakavyotatuliwa, na katika hali gani muungano utavunjwa. Zingatia kwamba nyadhifa ni kipengele kimoja tu kati ya vingi. Mwanasiasa akija kwenye mkutano Kiogoro akisema "tumeingia muungano, tumehakikishiwa wizara mbili", umemsikia akisoma mstari mmoja wa hati ndefu.

Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa kulijibu ndani ya siku 21.

Hapa kaunti pia mseto upo, ingawa hauitwi hivyo. Bunge la Kaunti ya Kisii lina wawakilishi kutoka wadi 45 pamoja na walioteuliwa, na chama kimoja kinapokosa wingi, viongozi wa upande wa wengi na wa wachache hupatikana kwa kuungana. Kinachokubaliwa kati yao huonekana katika hati tatu za mwaka: mpango wa maendeleo unaofikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mradi wa wadi ambao haumo katika hati hizo ni maneno tu, hata kama ulitangazwa kwa kipaza sauti.

Kwa vikundi vya akina mama, vya vijana na vya wazee vinavyolitumia somo hili kwa mjadala, tunapendekeza kuanza na hili: kama wewe ungekuwa Ngala mwezi Aprili 1962, ungekubali kuingia serikalini kabla ya suala la fedha za mikoa kuandikwa, au ungekataa na kuhatarisha kuchelewesha uhuru? Halafu jiwekeni mahali pa Kenyatta, mwenye kura nyingi na viti nusu. Mkimaliza, chukueni mkataba wowote wa muungano wa vyama unaozungumziwa sasa, mtafute neno "kaunti" limeandikwa mara ngapi ndani yake, na karibu na neno gani.